Fundi Timazi na Chumba Namba Tisa

Ndugu, majirani, wapangaji, na ninyi wenye nyumba mliowahi viti vya mbele kama kawaida yenu, anayewasomea ni mjukuu wangu kwa sababu macho yangu siku hizi hayavuki pua, lakini maneno ni yangu, nimeyaandika kwa penseli siku mbili mfululizo, na nimemwagiza asiruke mstari hata kama ataona haya, kwani marehemu ni mdogo wangu, tumbo moja, na mimi ndiye pekee niliyebaki ninayemjua tangu hajaota meno. Watoto wake waliniomba historia fupi yenye sifa. Sifa zipo, atazipata, amezitolea jasho. Lakini lipo pia jambo la chumba namba tisa, ambacho mwanawe wa kwanza amekwisha kukubaliana na mpangaji mpya aingie tarehe 1 Julai, siku kumi na moja kutoka leo, na mimi siwezi kukubali mdogo wangu afukiwe kabla jambo hilo halijasemwa mbele yenu nyote.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika chumba cha mwisho cha nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha magunia, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba yetu, aliyekuwa mpakiaji wa mizigo, na mama yetu, aliyekuwa akiwafulia watu nguo. Nakitaja chumba hicho ili mjue mwenye nyumba huyu alianzia wapi, maana tulilala wanne humo, na mwenye nyumba wetu alikuwa na desturi ya kusukuma mlango bila kubisha, baba awe amevaa au hajavaa, na mdogo wangu alipofika miaka sita aliniambia, "Dada, mimi nikiwa na nyumba nitapiga hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe." Neno hilo alilitimiza kwa miaka arobaini, na hakuna mpangaji aliyeko hapa atakayesimama aseme Timazi aliwahi kuingia kwake kabla hajaambiwa karibu.

Alianza darasa la kwanza Januari 1958 katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na reli, na mwezi huohuo mimi nilitolewa darasa la tatu, kwa kuwa ada ilitosha mmoja na mmoja huyo alikuwa mvulana, jambo ambalo sikulilalamikia wakati ule na silalamiki leo, ninalitaja kwa sababu jioni alikuwa ananifungulia daftari lake na kunifundisha alichofundishwa, akijifanya mwalimu, ananipiga na kijiti cha ufagio nikikosea hesabu za kujumlisha, na ndiyo maana leo naweza kuandika haya mnayosomewa. Alimaliza darasa la saba mwaka 1964, akafaulu, hakuchaguliwa kuendelea, akakaa nyumbani miezi mitatu akiwa amenuna kama mtu aliyedhulumiwa mirathi, hadi baba alipomkamata mkono akampeleka kwa fundi mwashi mmoja mzee aliyekuwa akijenga uzio wa stesheni.

Kwa fundi huyo alianza kazi tarehe 4 Januari 1965, mwaka wa kwanza akichanganya saruji, wa pili akipanga matofali, na wa tatu akakabidhiwa timazi, ile kamba yenye risasi ya chuma mwisho ambayo fundi huining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima au umelewa, na kwa kuwa alikuwa akiitundika hata kwenye kuta za wenzake bila kuombwa, kisha anabomoa, wakambandika jina hilo nalo likamganda, akawa Timazi kwa mafundi, Timazi kwa mkewe, Timazi hata kwenye kadi yake ya kliniki. Alijenga ghala la stesheni, alijenga madarasa manne ya shule aliyosoma, na mwaka 1978 alipiga plasta wodi nzima ya wanaume ya hospitali yetu, wodi ambayo itarudi katika historia hii, naomba msiisahau.

Tarehe 12 Agosti 1976 alifunga ndoa na wifi yangu, aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni, mwanamke mpole aliyeweza kumpunja mteja huku mteja anamshukuru, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kiume ambaye leo ana duka la vifaa vya ujenzi, wa pili wa kike ambaye ni mwalimu, na wa tatu wa kike ambaye ni mkunga. Wifi alitangulia tarehe 30 Oktoba 2015. Tangu siku hiyo mdogo wangu hakuwa tena na mtu wa kumwambia "acha" akaacha, kwani mimi nikimwambia acha alikuwa anaongeza, na yeye akiniambia acha nilikuwa naongeza, ndivyo tulivyoumbwa.

Sasa nafika kwenye nyumba. Tarehe 20 Januari 1983 tulinunua kiwanja, na nasema tulinunua kwa sababu nusu ilikuwa akiba yangu ya udobi wa hoteli, na hati ina majina mawili, la kwake na la kwangu, wala hakuna awezaye kuuza, kubomoa au kupangisha chochote pale bila vidole vya wote wawili, jambo ambalo vijana wa siku hizi wanadhani ni mapambo ya karatasi. Tulikitazama kiwanja hicho mchana wa jua kali, ardhi imepasuka kwa ukavu, muuzaji anatabasamu, tukalipa. Masika ilipoingia tukakuta kona ya nyuma, upande wa ukuta wa jirani, imegeuka kinamasi, kumbe zamani palikuwa na kisima kilichofukiwa kwa takataka na udongo, na maji yakawa yanarudi nyumbani kwao kila mwaka. Hapo ndipo mdogo wangu alipopata ushauri wake wa kwanza kwa wanunuzi wa viwanja, ambao wengi wenu mmewahi kuusikia: kiwanja hununuliwa umeshika mwavuli, ukikitazama wakati wa jua umetazama nusu, rudi mvua ikinyesha, simama palepale unapotaka kulala, halafu uangalie viatu vyako.

Kwa ufundi wake alijenga vyumba vinane, viwili viwili, kuanzia 1984 hadi 1991, akiacha ile kona wazi, akatandika nailoni chini ya kila sakafu, akachimba mtaro nyuma, akajenga vyoo kabla ya kujenga vyumba vya kupangisha, akisema mpangaji husamehe dari lakini hasamehi choo. Vyumba hivyo vinane mpaka leo ni vikavu, vimenyooka, na wapo wapangaji waliokaa miaka kumi na tisa. Alikuwa anaandika mkataba hata na rafiki, hasa na rafiki, na alikuwa na sheria ya kutompangishia ndugu, sheria aliyoijua kwa uchungu, maana mwaka 1989 alimpa chumba namba tatu binamu yetu, aliyekaa miaka minne na alipoondoka akaondoka na mlango, akidai alikuwa ameuzoea. Kila mwezi alitenga sehemu ya kodi kwa matengenezo kabla hajagusa ya mboga, na bomba likipasuka asubuhi alikuwa amekwisha kulifunga kabla ya mchana. Haya yote ni kweli, na wenye nyumba mliokuwa mkimfuata kwa ushauri hamkukosea kumfuata.

Mlipokosea ni kwenye rangi, na hapo tulikosea wote, mimi nikiwa wa kwanza.

Mwaka 1994 nilikuwa nimesimama uani pale, nilipokuwa nikianikia nguo za wateja, naanua nguo, nikaitazama ile kona tupu, nikamwambia, "Timazi, kona hii inakula bure na kulala bure kama shemeji asiye na kazi." Akasema pale maji yako chini, hapajengeki. Nikamwambia fundi wa kweli hujenga popote, anayechagua ardhi ni mkulima. Nilisema nikicheka. Mimi ni dobi, ndugu zangu, nimefua miaka arobaini, nguo isiyokauka naijua kwa harufu kabla sijaigusa, na upande ule wa kamba ulikuwa unanirudishia mashuka yananuka siku zote, kwa hiyo nilichosema nilikisema huku najua. Alijenga chumba namba tisa kati ya tarehe 3 Juni na tarehe 28 Julai 1994, akaongeza nailoni mara mbili, akanyanyua msingi, akatundika timazi pande zote nne, na ukuta ukasimama wima kabisa, na masika iliyofuata ukaanza kutoka jasho.

Kuanzia hapo namba tisa ikawa na wapangaji wengi kuliko vyumba vyote vinane vikijumlishwa, anaingia huyu wakati wa jua, anatoka wakati wa mvua, na mdogo wangu akawa na maneno ya kila mmoja: huyu anapika ndani, yule anaoga ndani, yule mwingine ana watoto wanaopumua sana. Neno hilo la watoto wanaopumua sana nililisikia kwa masikio yangu. Kati ya mpangaji mmoja na mwingine alikuwa anapaka rangi ya mafuta, ya krimu, juu ya ukungu bila hata kuukwangua, kwa kuwa rangi ya mafuta hushika miezi mitatu na kufikia hapo mkataba umekwisha kusainiwa, na ujanja huo akawafundisha ninyi mliokaa mbele, nanyi mkaenda mkapaka. Mtu aliyekuwa akibomoa ukuta wa mwenzake kwa kupinda unene wa kidole, huyohuyo akawa anaupaka poda ukuta wake mwenyewe kama maiti. Wahenga walituonya kuhusu asiyeziba ufa, ila hawakumfikiria anayeupaka rangi.

Mwanzoni mwa mwaka jana, 2024, aliingia namba tisa mama mshonaji, fundi wa cherehani, pamoja na binti yake wa miaka mitano, na masika ilipopiga mtoto akaanza kukohoa, na mvua zilipokwisha mtoto hakuacha. Mama huyu hakuhama kama wenzake. Jumapili ya tarehe 25 Agosti 2024, mchana, wapangaji wote wakiwa uani, alikokota godoro lake mpaka katikati akalisimamisha, nyuma yake jeusi kama sufuria, akasema kwa adabu, "Baba mwenye nyumba, shikamoo, naomba uje unuse." Mdogo wangu akamwambia, "Marahaba, mwanangu. Unapika ndani, huo ni mvuke." Mama akajibu, "Napika pale nje, baba, kila siku, na wewe huwa unaniuliza nimepika nini." Kinyozi wa namba tano akadakia, "Mimi nimeambiwa ukuta wa namba tisa umeota ndevu, nikileta mashine nitalipwa na nani?" Watu wakacheka, na mdogo wangu akasimama hapo, miaka sabini na mitatu, akiangalia godoro lile bila kuligusa, akasema chumba ni kikavu, yeye ni fundi, anajua chumba kikavu.

Nilikuwa nimeketi kibarazani nakunja mashuka. Ningeweza kusema, Timazi, njoo tuongee ndani. Ningeweza kusema, jamani, kona ile mimi ndiye niliyemsukuma aijenge. Badala yake nilisema kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, "Kama ni kikavu, si ukalale wewe?" Uani wakacheka tena, kinyozi akapiga mapaja, na mimi nikacheka kwa kuwa niliona nimesema kitu kizuri. Mdogo wangu hakucheka. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama akiwa na miaka tisa nikimwambia hawezi kuruka mtaro, na mtaro ule aliruka, akavunjika mkono, akaniambia si ameruka.

Tarehe 1 Septemba 2024 alihamisha kitanda chake kutoka namba moja, chumba cha mbele, chenye madirisha mawili na jua la asubuhi, akampa mama mshonaji na mwanawe kwa kodi ileile ya nyuma, akaingia namba tisa. Naomba jambo hili lihesabiwe katika sifa zake, hata kama alilifanya kwa hasira, kwa sababu mtoto yule aliacha kukohoa kabla ya mwezi kwisha, na leo yupo hapa, ameketi pale na mama yake, anachezea kifungo.

Nilikuwa namtembelea kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nikifika nakuta kitambaa kibichi kimeanikwa dirishani, ndicho alichofutia ukuta kabla sijafika, na nikimuuliza, "Habari za huku?" anajibu, "Pakavu kama mfupa." Kwenye ukuta wa nyuma alikuwa ametundika kalenda ya duka la mwanawe, na kila doa lilipopanda naye aliipandisha kalenda ilifunike, mwezi wa Oktoba ilikuwa usawa wa kitanda, Januari ikawa usawa wa kiuno, na Aprili ilibidi niinue shingo ili nione leo ni tarehe ngapi. Wote wawili tuliitazama kalenda ikisafiri, tukaongea mambo ya bei ya sabuni. Mwezi wa Novemba alianza kukohoa, akasema ni vumbi. Februari tarehe 11 binti yake mkunga alimvuta hospitali kwa nguvu, daktari akamwambia kwamba mapafu yake yameshiba vumbi la saruji ya miaka hamsini, hayataki tena baridi wala ukungu, akamuuliza analala wapi, naye akajibu, "Nyumbani kwangu," jibu ambalo halikuwa uongo, na daktari akaandika dawa.

Tarehe 23 Machi 2025, Jumapili, mvua imeshaanza, nilitoka kwangu nikiwa nimelishika neno mdomoni kama mtu aliyebeba maji kwenye kiganja. Neno lenyewe lilikuwa, nisamehe, mdogo wangu, chumba ni kibovu, na kona nilikuambia mimi, rudi mbele. Nikafika nikamkuta na kopo la rangi, anapaka, na wenye nyumba wenzake wawili wamekuja kuomba ushauri wamesimama mlangoni, nami nikaona nikilisema mbele yao nitakuwa nimekubali, au nitakuwa nimemdhalilisha, sijui kipi kilinishinda kati ya hivyo viwili. Nikasema, "Umepaka poda tena, bwana harusi?" Wale wawili wakacheka. Yeye akasema, "Nenda zako, dobi." Nikaenda zangu. Nilijua hataomba kutoka, maana timazi haipindi, naye alijua sitamwomba atoke, na kila mmoja wetu akawa anamsubiri mwenzake aseme kwanza, kama wapangaji wawili wanaongojeana kufagia ukumbi. Nilimwingiza kwa mdomo, na mdomo huohuo ungemtoa, sikuufungua.

Tarehe 19 Mei 2025 alizidiwa, mama mshonaji ndiye aliyemsikia akihangaika na pumzi, akaita gari, akamvika kwa mkono wake koti alilokuwa anamshonea mteja, akampeleka hospitali, akalazwa wodi ya wanaume, kitanda cha pili kutoka mlangoni, kilichoegemea ukuta. Alikaa humo siku ishirini na tisa. Ijumaa ya tarehe 13 Juni niliketi naye, ameshakonda, akanyoosha mkono akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo muda mrefu, akasema, "Dada, huu niliupiga mwaka sabini na nane. Gusa." Nikagusa. Ulikuwa mkavu, laini, hauna hata ufa wa unywele. Akasema, "Huu niliupiga vizuri." Nikasema ndiyo. Akapumzika kidogo, kisha akasema, "Kile kingine hapana." Hilo ndilo neno nililokuwa nalisubiri miezi tisa, na nililipata, na ndugu zangu, halina faida yoyote, kwa kuwa kulijibu ilikuwa nimwambie kona ile nilikusukuma mimi, na nesi akaingia na dawa, na mimi nikainuka kumpisha, na Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi, mdogo wangu akafariki, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, miezi mitatu na siku nane.

Daktari nilimuuliza kama chumba ndicho kilichomuua. Ni kijana mwenye adabu, alifikiri kwanza, akasema, "Bibi, vumbi lilikuwamo tangu zamani. Ila chumba hakikumsaidia." Nimelipokea jibu hilo jinsi lilivyo, sikulipunguza wala sikuliongeza, na wanaosema majuto ni mjukuu wanafikiri mjukuu ni mgeni wa baadaye, wakati mimi huyu nimemlea tangu mwaka tisini na nne.

Sasa mwanangu, mtoto wa ndugu yangu, uliyekaa hapo umeshika kitambaa. Jana nilipokuja kuchukua nguo za baba yako niliona ndoo mbili za rangi ya mafuta nyuma ya mlango wa namba tisa, za krimu, kutoka dukani kwako. Nilikuuliza, ukaniambia, "Shangazi, chumba hicho kinahitaji rangi tu, na hao watu wameshanipa neno lao na kodi ya kwanza." Hao watu ni mke na mume wenye mtoto wa miezi minne, nimeulizia. Jana sikukujibu, kwa sababu nimezoea kujibu kwa mzaha, na mzaha wangu unaona umetufikisha wapi. Jibu ni hili, nimeliandika ili lisomwe na mtu mwingine, nisije nikalipamba. Chumba namba tisa hakitapangishwa. Hati ina majina mawili, moja linafukiwa leo, lingine liko hai limeketi mbele yako, na halitatia kidole. Watu wale warudishiwe fedha yao leo kabla hawajahama walikokuwa, na waambiwe sababu, siyo waambiwe chumba kimepata mtu. Jumatatu tarehe 23 watakuja mafundi wawili, wanafunzi wa marehemu, nimeshaongea nao, watabomoa kuta zote nne, watafukua kile kisima na takataka zake, watatoa njia ya maji mpaka mtaroni, na hapo pabaki wazi pawe pa kupitia upepo. Sikuaibishi, mwanangu. Nakuzuia. Baba yako hakupata mtu wa kumzuia.

Na ninyi wenye nyumba, mashauri yake yashikeni yote, mwavuli, hodi, choo kwanza, mkataba na rafiki, fungu la matengenezo kabla ya mboga. Lile la rangi lifuteni, rudini majumbani mkakwangue, na mpangaji akikuletea godoro uani, inama unuse, ni bei rahisi kuliko vyote mtakavyofanya. Usimwambie anapumua sana. Ukiwa na ndugu mwenye maneno makali kama mimi, mwambie anyamaze au aje ashike sepetu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya wanaume, hasa nesi mrefu wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimwita fundi na siyo mzee, nawashukuru majirani waliotoa viti na maji tangu Jumanne, mafundi wenzake waliochimba kaburi na kulinyoosha kingo kama alivyowafundisha, umoja wa wenye nyumba kwa jeneza, wapangaji wote wa namba moja hadi nane, kinyozi aliyemnyoa mara ya mwisho bila kufanya mzaha, na mama mshonaji, ambaye koti la mteja halikurudi na amekataa kulipwa. Tumetazama kaburi leo asubuhi, mimi na mafundi, tumechagua upande wa juu wa mteremko, nimeshuka nikaushika udongo kwa mkono wangu, nikaubana, haukushikana.

Kona ilikuwa neno langu, mdogo wangu. Pumzika pakavu.